Padi ya Pili Ilikuwa Chini ya Shuka

Mzee wa kanisa, naomba hicho kipaza sauti. Hapana, usinishikie. Nipe mkononi, kisha urudi ukae. Asante.

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Mchungaji ameniambia leo nafasi ya ushuhuda ni yangu, nisimulie nilivyougua na nilivyopona, nishukuru, nikae, maana wengine wanasubiri. Nitashukuru. Lakini nimekuja na hasira, nimeibeba kutoka Same mpaka hapa Kighare, na sina mpango wa kushuka nayo. Mtaisikia kwanza. Nimewaambia mapema ili asiwepo wa kusema nimemvizia.

Wengi mnanijua. Kwa wageni, mimi ni Namsifu, Mama Neema, mke wa Elisante wa hapa hapa. Ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Same mjini, jirani na stendi, kimegusana ukuta na kibanda cha gemu cha mume wangu. Yeye ana runinga na mashine za gemu. Vijana wanakuja kucheza mpira wa kwenye kioo, wanapiga kelele kutwa nzima utadhani kombe linaletwa Same. Upande wangu mimi nashona sare za shule, magauni ya sherehe na vitenge vya kina mama. Kelele zile nilishazizoea, zikikatika umeme unapokatika najiona kama nimekuwa kiziwi.

Nilikuwa na afya, au ndivyo nilivyodhani. Jora la kitambaa nalinyanyua peke yangu. Kichwa kikiuma nameza dawa ya maumivu, naendelea na mshono. Nimepima viuno na mabega ya nusu ya mji ule, lakini presha yangu mimi hakuna mtu aliyewahi kuipima, na duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, tunapungiana mikono na mwenye duka kila asubuhi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi tu ya kawaida, nashonea mkono kwenye shati la shule. Kitambaa kikaanza kwenda upande. Nikakivuta kwa mkono wa kushoto, hakikuja. Nikaangalia, nikauona mkono umelala juu ya meza ya cherehani kama umesahauliwa na mtu. Nikacheka. Kweli nilicheka. Nikataka kumwita mume wangu, ikatoka sauti ya mlevi. Mteja wangu mmoja, mama wa Kimasai aliyeleta shuka zake nizipinde, akasimama akaniambia, "Mama, mdomo wako umekwenda upande." Hapo ndipo nilipoanguka kutoka kwenye kiti. Nilipokuwa chini nikajikojolea, na joto la mkojo nililisikia mguu wa kulia tu. Mguu wa kushoto haukusikia kitu. Hapo nikaacha kucheka.

Elisante alinibeba mpaka kwenye bajaji, tukaenda hospitali. Daktari alinimulika machoni, akanipima, akamwambia, "Ni kiharusi. Presha iko juu mno. Umemwahisha, hilo ni jambo la kushukuru." Nikawekewa mpira wa mkojo. Maji nikimeza yananipalia, yanatokea puani. Mate yanatiririka kwenye pembe ya mdomo na mimi sina habari, mpaka niyaone kifuani. Choo kiligoma mpaka tumbo likawa gumu. Nayasema haya kanisani kwa sababu yupo mtu hapa ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa wa namna hii, na anaona aibu. Usione aibu. Mwili ukishapigwa hauna adabu.

Pale hospitalini kuna dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Mwembamba, mkali, haongei mara mbili. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akaukunja, akaukunjua, kisha akawaita mume wangu na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameshateremka kutoka huku mlimani. Akawaambia, "Mkono huu haujafa. Ubongo ndio umepoteza njia ya kuufikia, na njia yenyewe hufunguka kwa kupitwa. Kila mtakachomfanyia ambacho angeweza kujaribu mwenyewe, mnaiziba. Mwacheni ahangaike. Amwage, aangushe, achelewe. Mmenielewa?"

Wakajibu, "Ndiyo, daktari."

Ndiyo, daktari! Niliwasikia kwa masikio yangu. Masikio hayakupata kiharusi.

Niliporuhusiwa, nikaletwa huku Kighare, kwa kuwa ndiko kwenye watu wa kuniuguza. Tulipofika Lembeni gari likasimama, Mama mkwe akanunua ndizi. Akaimenya. Akaikata vipande. Akanitia mdomoni. Jamani, mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima! Haukuwa na tatizo lolote, ulikuwa umekaa pale kwenye paja unasubiri kazi. Nilimeza ile ndizi kwa uchungu, na nilikuwa bado sijajua kwamba huo ni mwanzo tu.

Huku kwetu mtu hafanyi jambo peke yake. Mfereji wa maji tunauzibua kwa msaragambo, barabara ikimegwa na mvua tunatoka wote na majembe, na mawe ya kanisa hili yalipandishwa huku kwa vichwa vya mama zetu, wamejipanga mstari kutoka kule korongoni. Ni jambo zuri, nami nimekulia humo. Lakini mtu akitaka kufanya lake mwenyewe tunamwona kama anatutukana. Basi mkaniuguza kwa msaragambo. Mkapanga zamu. Huyu ananiogesha, huyu ananilisha, huyu anachana nywele, huyu kazi yake kunifuta mdomo kabla mate hayajadondoka. Yupo mmoja, simtaji lakini naona ameinamisha kichwa, alinikuna pua. Sikumwomba. Aliniona nimekunja uso, akanikuna.

Nikisema, "Acheni nijaribu," mnanijibu, "Pumzika, Mama Neema. Sisi tupo kwa ajili gani?" Nikiinua kidole, nyumba nzima imesimama. Nikitazama kikombe, kikombe kiko mdomoni.

Na mkono ukaanza kuharibika. Vidole vilijifunga ngumi, dole gumba likiwa ndani, na haukuwepo uwezo wa kuvifungua. Kucha zikanichoma kiganja mpaka kikatoa vidonda. Humo ndani mlikuwa na jasho linalonuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye maji. Bega likateremka kutoka mahali pake, nikigeuka kitandani natoa machozi. Mlipoona machozi mkaongeza mto. Mito ikawa mingi mpaka nikakosa pa kulala.

Tuliporudi kliniki, yule dada alinifungua vidole kimoja kimoja. Alinusa. Akaona vidonda. Akauliza, "Nani anamlisha huyu?"

Mama mkwe akajibu, tena kwa fahari, "Tunapokezana, mwanangu. Hatujamwacha hata siku moja."

Yule dada akafumba macho kidogo. Kisha akamgeukia Elisante, akamuuliza anafanya kazi gani. Akasema ana kibanda cha gemu. Dada akauliza, "Ipo gemu inayotaka mikono yote miwili, kila mkono na kazi yake?"

Elisante akafikiri, akasema ipo moja, ila vijana hawaitaki.

Niwaeleze hiyo gemu, maana wengine mliitazama bila kuielewa. Ndani yake mna wanasesere wawili, mmoja wa njano na mwingine wa bluu, wamefungwa kamba moja kiunoni, wanapanda mlima. Hawapigani na mtu. Ndiyo maana vijana hawaitaki, hakuna wa kumshinda. Kazi yao ni kusaidiana. Na kila kitu humo kina uzito wake kama duniani. Gogo linabiringika, ubao unainama upande wenye mzito, jiwe ukilisukuma vibaya linarudi kukuponda. Mmoja akiteleza, uzito wake unamvuta mwenzake, wanakwenda wote mpaka chini. Imetengenezwa ichezwe na watu wawili, kila mmoja na padi yake, kile kidude cha kushika kwa mikono chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Lakini ukiwa peke yako mashine inakukubalia padi moja. Kijiti cha kushoto kinamwendesha Njano, cha kulia kinamwendesha Bluu. Na kitufe cha juu kushoto ndicho kiganja cha Njano. Ukikibonyeza anashika, ukikiachia anaachia.

Dada akasema, "Hiyo hiyo. Na acheze peke yake." Akamtazama Elisante, akamtazama Mama. "Peke yake."

"Ndiyo, daktari."

Elisante akapandisha runinga moja na mashine huku nyumbani. Ngumi yangu tukaifungua kwa maji ya uvuguvugu, tukaizungusha kwenye padi, tukaifunga kwa ukanda wa kitenge isiponyoke. Nikaanza. Bluu anatembea vizuri tu, ana mkono mzima nyuma yake. Njano amesimama kama mwizi aliyekamatwa. Bluu akiruka, kamba inafika mwisho, inamrudisha kwa kishindo. Nikimlazimisha, wanaporomoka wote wawili. Siku nenda siku rudi wanaporomoka. Nanyi mlikuja kutazama, mkajaa sebuleni, na kila wanapoanguka mnasema, "Pole, mama. Pole." Pole zilikuwa nyingi kuliko viti. Mimi nikalia, ndiyo. Nililia kwa hasira, mkadhani nalia kwa huzuni.

Halafu siku moja Njano akatembea.

Nilisukuma, akatembea! Akapanda gogo, akamvuta mwenzake, wakavuka kijito. Nikapiga ukelele. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka jirani wa bondeni akaja kuuliza nani kaoa. Kesho yake Njano akatembea tena, vizuri zaidi. Mkawa mnakuja na watu wa kunitazama. Na Jumapili moja Mchungaji akasimama hapa nilipo mimi sasa, akatangaza kwamba mkono wa Mama Neema umefunguka, mkaimba, na mimi nimekaa benchi lile pale, ngumi yangu nimeifunika kwa kanga, nalia kwa furaha. Nilishamwambia Elisante amwambie mwenye sare za shule asitafute fundi mwingine, narudi.

Sasa sikilizeni vizuri, hata kama mnaijua.

Ilikuwa mchana, tumeshakula makande, sebule imejaa kama kawaida. Wanasesere wamefika kwenye korongo pana. Nikapiga chafya moja kubwa, ya kutikisa nyumba. Ukanda ukafunguka, padi ikanitoka, ikaanguka sakafuni. Bluu akasimama.

Njano akaruka.

Aliruka lile korongo, akashika ukingo wa pili, akapanda, akasimama anamngojea mwenzake. Na padi yangu iko sakafuni, imegeuka tumbo juu.

Niliitazama padi. Nikatazama kioo. Nikageuka nyuma polepole, maana shingo ilikuwa bado ngumu. Elisante alikuwa amekaa nyuma yangu kama siku zote, shuka magotini. Nikamwambia, "Baba Neema, toa hiyo shuka."

Akasema, "Mama Neema, ngoja kwanza..."

"Toa shuka."

Akaitoa. Padi ya pili ilikuwa mapajani mwake, madole gumba bado yako juu ya vijiti. Ile mashine ukiwasha padi ya pili, Njano anahamia kwako. Kwa hiyo tangu siku ya vigelegele mimi nilikuwa nasukuma kijiti kisichofanya kazi, na mwenye kumtembeza Njano alikuwa mume wangu. Mkono mliouimbia hapa kanisani ulikuwa mkono wa Elisante.

Nikawatazama ninyi mliokuwa sebuleni. Nilitegemea mshangae. Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alikuwa anatazama miguu yake. Ndipo nilipoelewa kwamba mlijua. Mliokaa nyuma mlikuwa mnaiona ile padi kila siku, mkanyamaza, mkapiga makofi kwa zamu. Mmeuchimba ule uongo kama mnavyochimba mfereji, kila mtu na kipande chake.

Elisante akasema, "Ulikuwa unalia kila ukianguka. Nilitaka ufurahi japo kidogo."

Mama mkwe akasema, "Tulikuwa tunakusaidia tu, mwanangu."

Nami nikamjibu, na tangu niolewe sijawahi kumjibu mama huyu kwa sauti ile. Nilimwambia, "Mama, nani aliwaomba?"

Sikuomba radhi siku ile, na siombi leo. Mliniibia. Msinikunjie nyuso, sina neno jingine. Mtu akikupa dawa ya bandia ukamshukuru, ukaacha kutafuta ya kweli, huyo amekupa nini? Wakati mimi nashangilia, bega langu linazidi kushuka na vidole vinazidi kukakamaa. Ule ulikuwa ndio wakati ambao njia ingefunguliwa. Mlinichukulia wakati huo mkanipa vigelegele. Na linaloniuma zaidi ni kwamba hata mmoja wenu hakufanya kwa ubaya. Angekuwepo mbaya mmoja ningekuwa na pa kuelekeza ngumi, na ngumi nilikuwa nayo tayari, haifunguki.

Nikasema narudi Same. Kikao kikaitwa. Baba mkubwa akasema joto la kule chini litaniua. Mama akauliza nani atanilisha. Nikasema nitajilisha, na nikishindwa nitakufa na kijiko mkononi. Wakaanza kunijadili huku nimekaa pale pale, kana kwamba ni mbuzi wa mahari. Elisante akasimama akasema, "Nampeleka." Hakuongeza neno. Hilo namhesabia mpaka leo.

Same tukawekeana masharti. Padi ya pili niliifungia kwenye droo ya cherehani, ufunguo nikauvaa shingoni. Asubuhi, vijana hawajajaa, nakaa kwenye kona ya kibanda na runinga ndogo. Elisante anakaa nje kwenye benchi, mgongo ameupa mlango. Nilimwamuru. Alikuwa anateseka, nilimwona mabega yanavyopanda kila aliposikia ile sauti ya kuporomoka. Na mimi nilimwacha ateseke, kwa nini nisimwache?

Vijana nao wana huruma zao za kijinga. "Mama, lete nikuvushe hapo, sekunde tu." Nikamwambia wa kwanza, "Ukigusa padi hii nitakushona suruali miguu yote miwili iwe mmoja." Habari zikaenea, wakaniheshimu.

Yule dada alinipangia mazoezi ya nyumbani pia, wala msije mkasema gemu ndiyo iliyoniponya. Nilitandaza kiganja mezani, nikakiegemea. Niliviringisha chupa. Dawa za presha nameza mpaka leo, na chumvi nimeiaga. Lakini mazoezi yale nilikuwa nayachoka, nayahepa. Gemu sikuweza kuihepa kwa sababu ya wale wawili na kamba yao. Bluu alikuwa anaweza kila kitu, na hakufika popote, kwa kuwa mwenzake hawezi. Nikikaa kivivu namwona anavutwa anarudi, nasikia aibu kana kwamba ni mtoto wangu anapigwa.

Siku ya kwanza Njano aliposogea kwa mkono wangu, alikwenda upande usio wake. Aligeuka, akatembea moja kwa moja mpaka ukingoni, akatumbukia, akamburuta mwenzake. Nilifurahi kuliko siku ya vigelegele. Alikwenda vibaya, lakini nilimpeleka mimi.

Baada ya hapo dole gumba likaanza kusikia. Kidole cha shahada kikaweza kubonyeza kitufe cha kushika. Njano akawa anashika kila kitu, magogo, kamba, matawi. Nikadhani nimemaliza. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa bado.

Kuna mahali penye kulabu. Njano anaishika kwa juu, Bluu ananing'inia chini kwenye kamba, anabembea mbele na nyuma, na akifika mbele kabisa Njano anatakiwa aachie, wapae wote mpaka ng'ambo. Nikashika vizuri. Bluu akabembea vizuri. Nikataka kuachia, kidole hakikuachia. Nikakiamuru, nikakiomba, nikakitukana, Mungu anisamehe. Kadiri nilivyokazana ndivyo kilivyokaza. Bluu akaendelea kubembea mpaka akachoka, akatulia, ananing'inia tu.

Nikamweleza dada wa mazoezi. Akasema, "Ndivyo ulivyo. Mkono uliopigwa hujifunza kushika kabla ya kuachia. Kushika kunakuja kwenyewe. Kuachia ndiko kunakofundishwa." Nikamwambia nawafahamu watu wengi Kighare wenye ugonjwa huo na hawajapata kiharusi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona anacheka.

Basi nikajifunza kuachia. Kwenye kibanda changu nilikuwa na mfuko wa vipande vya vitambaa. Nachukua kipande, nakiinua juu ya beseni, naacha. Hakianguki. Natulia, navuta pumzi, silazimishi. Kinadondoka, baada ya muda ambao ningeshona kifungo. Kipande kingine. Wateja walinikuta hivyo wakadhani akili nayo imeondoka.

Na asubuhi moja, Bluu akaenda mbele, akarudi, akaenda mbele, na kidole changu kikanyanyuka. Kidogo tu, unene wa karatasi. Njano akaachia. Walipaa wote wawili, kamba imejikunja kati yao, wakaangukia ng'ambo, Njano kwa tumbo na Bluu juu yake.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kijana mmoja nyuma yangu alikuwa anabishana na mwenzake kama ile ilikuwa penalti. Mimi nilitazama kidole changu, nikakibonyeza tena, nikakiachia tena, nikahakikisha.

Elisante akauliza kutoka nje, hakugeuka, "Mbona kimya? Umevuka?"

"Nimevuka."

"Peke yako?"

"Padi yako iko wapi?"

Akasema, "Kwenye droo yako." Akavua kofia, akajifunika nayo uso, akakaa hivyo hivyo kwenye benchi mpaka mteja mwingine alipokuja. Hakuingia kunikumbatia. Alijua kwamba hiyo ndiyo shukrani niliyokuwa nataka kwake, akae huko huko nje.

Siku zile zile Mama mkwe akateremka Same kuniona, na mkungu wa ndizi. Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikasema nitamtilia uji. Kikombe nilikishika kwa mkono wa kushoto, chupa ya uji kwa wa kulia. Kikombe kinatetemeka. Uji ukaenda mezani, mwingine ukaenda kwenye gauni langu, tena wa moto. Nikaiona mikono ya Mama inanyanyuka. Nikamtazama. Akairudisha. Ikanyanyuka tena yenyewe. Basi mama huyu, na umri wake, akaiingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. Aliikalia kabisa! Midomo inamcheza, macho yamejaa machozi, na mikono ameikalia mpaka nilipomaliza kumimina kile kikombe nusu, nikakibeba, nikampa.

Akaonja. Akasema, "Umezidisha sukari."

Hasira yangu kwake iliishia pale. Mama, uko hapo mbele, nakuambia mbele ya watu wote, asante. Najua ulivyonibebea mtoto mgongoni, ulivyoniogesha, ulivyonifua mashuka. Lakini katika yote uliyonifanyia, kikombe kile ndicho kikubwa.

Ninyi wengine bado nawadai kidogo, lakini nawashukuru pia. Nashukuru mlipoacha kuja na mito. Namshukuru Elisante kwa ile "Nampeleka" na kwa benchi la nje. Namshukuru dada wa mazoezi, hayupo hapa, na angekuwepo angesema nimeongea sana. Namshukuru Mungu aliyeniumbia mikono miwili na kunirudishia mmoja kwa taabu, ili niujue.

Leo nashona. Zipu inanichukua muda, kidole cha mwisho bado kimelala, jioni mkono unachoka na mguu unaburuta. Gemu sijaimaliza, kuna gurudumu moja linazunguka, linaniponda kila siku. Nitalivuka, na asinisaidie mtu.

Wewe ambaye umepigwa, usipoteze muda, kimbilia hospitali, meza dawa zako, na kisha gombana. Gombana na kila anayekuondolea kijiko mkononi. Na ninyi mnaouguza, mgonjwa akimwaga, amwage. Mkitaka kumsaidia, muulizeni kwanza, halafu mngojee jibu, hata kama linachelewa kwa sababu ulimi ni mzito. Na kama hamwezi kabisa kujizuia, muulizeni Mama yule pale namna ya kuikalia mikono.

Nimeona wengine mnatazama kipaza sauti kinavyotetemeka tangu nianze. Si woga. Nimekishika kwa kushoto.

Sasa namaliza. Mzee wa kanisa, njoo ukipokee. Mama, nakuona, usiinuke. Kaa. Mzee, tega kiganja chini yake. Subiri kidogo. Usivute, mzee, nimesema usivute. Naachia mwenyewe.